Kamera ya kumtoboa shangazi itatoka lini?

LenziYaKasarani:
Wadau, nauliza kwa uchungu. Mimi hupiga picha za harusi hapa Nairobi. Jumamosi iliyopita bwana harusi ndiyo kwanza anainua shela, shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi akasimama katikati ya njia, mikono juu, na tableti kubwa kama sinia. Nilichopata ni kilemba cha zambarau na kiwiko. Sasa, tayari kuna kamera zinazohifadhi fremu za kabla hujamaliza kubonyeza kitufe. Kufika 2060 si tutakuwa na ya kurudi nyuma saa nzima, imwondoe shangazi, imrudishe kitini na kumpa soda? Kama ipo njiani niambieni, nianze chama leo.

FundiWaLuthuli:
Usikate tamaa, mkuu. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijitali yenye megapikseli 0.01, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuingia kwenye kaseti. Kaseti, ile ile ya benga! Leo zipo simu za megapikseli 200. Ya 2060 itahesabu punje za pilau sufuriani na kutaja aliyechota nyama.

MamaWawili:
Megapikseli si dawa. Kamera ya darubini ya Vera Rubin kule Chile ina 3,200, na uzito wake unakaribia tani 3. Utaifikisha Kasarani kwa mkokoteni? Na shangazi akisimama mbele, utapata kilemba kile kile, ila sasa nyuzi zake zinahesabika.

TichaWaFizikia:
Kurudi nyuma kunawezekana, kinadharia. Mwanga uliotoka kwenye harusi yenu bado uko safarini, kilomita 300,000 kwa sekunde. Weka kioo karibu na Neptuni: takriban saa nne kwenda, nne kurudi. Harusi ya saa sita mchana unaipiga saa mbili usiku ukiwa kwako, miguu ndani ya karai. Shida ndogo tu: ukitaka sura za watu zionekane, kioo chenyewe kitakuwa kipana kuliko dunia.

LenziYaKasarani:
Ticha, harusi ilikuwa hemani. Huko Neptuni nitaletewa picha ya turubai. Basi tuache hayo, kuna mwenye ngazi ya kukodisha, futi sita hivi? Jumamosi nina nyingine, na nimeshaonywa mashangazi ni saba.