Naomba ushauri: filamu nne za Kiswahili za kuonyesha ukumbini, watu 60, watoto kwa wazee

Pweza_wa_Raskazone

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Kikundi cha vijana hapa Tanga kimepewa ukumbi wa shule Jumamosi nne mfululizo. Watazamaji ni kama 60, kuanzia watoto wa darasa la tatu hadi mabibi. Ukumbi ni mita 12 kwa 8, paa la bati, madirisha makubwa na hayana mapazia. Tunataka filamu za kwetu, zinazozungumza Kiswahili tangu zilipotungwa, si za nje zilizotiwa sauti. Orodha ya awali ni Supa Modo, Vuta N'kuvute, T-Junction na Nairobi Half Life. Vifaa vilivyopo: laptopu, spika mbili za kukodi na mikisa yake, na projekta ndogo iliyoandikwa "lumens 9000" kwenye boksi. Kiingilio hakuna.

Mliozitazama hivi karibuni, naombeni maoni: zipi zinafaa, ianze ipi, na vifaa hivi vitatosha?

Kibunzi_78

Orodha imekaa vizuri mkuu, ila usiipange kwa umaarufu. Angalia filamu ina mwanga kiasi gani na lugha yake itashikwa na nani.

Fungua na Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Ina dakika 74 tu, kwa hiyo watoto hawachoki, na sehemu kubwa imepigwa mchana kijijini, picha inang'aa hata projekta ikiwa ya kawaida. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiotarajiwa kupona, na anapenda filamu za mashujaa wanaoruka. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kuwa naye ana nguvu hizo. Kuna pia mtu wa ukumbi wa video anayesimulia filamu kwa mdomo, na hapo mabibi wenu watacheka kabla ya watoto, maana waliokulia enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa filamu za nje kwa Kiswahili, wanaijua kazi hiyo. Waambie wazazi mapema kwamba kifo kimo. Kimeshughulikiwa kwa upole, lakini kimo. Wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya chini lazima yasomeke.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) ndiyo nzuri kupita zote hapo, na ndiyo itakayowapa taabu. Ni Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin anamkimbia mume aliyemzidi umri mno, anakutana na Denge, kijana wa harakati dhidi ya Mwingereza. Rangi zake ni nzito, kijani na nyekundu iliyokolea, na usiku ni mwingi. Uso unatoka kwenye kivuli nusu tu, na hiyo nusu ndiyo inayobeba maana. Kwenye projekta dhaifu utaona doa la kijivu na utasikia sauti tupu. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na sita watanung'unika kwamba visa vimepunguzwa. Ni kweli vimepunguzwa, riwaya ile haiingii ndani ya saa moja na nusu. Ongea nao kabla, dakika tano zinatosha. Na iwe usiku, watoto wakiwa nyumbani, maana mapenzi yamo na gereza limo.

T-Junction (2017), ya Shivji pia, iweke katikati. Ni wasichana wawili wanaokutana hospitalini Dar, mmoja anamsimulia mwenzake maisha ya watu wa njia panda. Mwendo wake ni wa taratibu. Kiswahili chake hakimpi mtu wa Tanga shida yoyote, na inazaa mazungumzo marefu ikiisha.

Mwana_wa_Likoni

Hapo kwa Nairobi Half Life nataka kuongeza, ndugu yangu. Ni filamu ya nguvu, ya Tosh Gitonga (2012), na ndiyo ya kwanza Kenya kupeleka kwenye mchujo wa Oscar. Mwas anatoka kijijini na ndoto ya uigizaji, anaishia kuishi maisha mawili: jukwaani, na kwenye genge la kuiba vipuri vya magari. Kuigiza kwake Joseph Wairimu pekee kwatosha kumweka mtu kitini dakika zote 96. Lakini si ya mtoto wala si ya kutazama na bibi. Kuna utupu, matusi, na mauaji yaliyoonyeshwa wazi. Halafu Sheng. Mtu wa Tanga atapoteza robo ya mazungumzo. Ukiamua kuionyesha, andika ubaoni maneno kumi kabla hujaanza: karao ni polisi, doo ni pesa, mathe ni mama, keja ni nyumba, na kadhalika. Na tangaza mlangoni kuwa ni ya miaka 18 kwenda juu, usimamie.

Kwa mseto wako wa watu ningeitoa nikaweka The Letter ya Maia Lekow na Christopher King (2019). Ni filamu ya matukio halisi, ya pwani yetu huku Kilifi: kijana anarudi nyumbani baada ya kusikia bibi yake ametuhumiwa uchawi, na kadiri anavyouliza ndivyo suala la ardhi linavyojitokeza. Wazee wataielewa kabla ya kufika nusu. Mna Kigiriama humo pamoja na Kiswahili, kwa hivyo tena nasisitiza maandishi ya chini.

Fundi_Waya

Nijibu upande wa vifaa, maana filamu nzuri ikionyeshwa vibaya watu hawarudi Jumamosi ya pili.

Hiyo "lumens 9000" ya kwenye boksi isahau. Kipimo cha mwanga cha kuangalia ni ANSI lumens, na projekta ndogo nyingi za aina hiyo hazifiki 300 kwa kipimo hicho. Kodi yenye ANSI 3000 au zaidi, za ofisini na shuleni ndizo hizo. Kwa ukumbi wako tengeneza picha ya upana wa mita 3, kimo chake kitakuwa kama mita 1.7. Projekta nyingi za aina hiyo zinahitaji umbali wa mara 1.5 ya upana, yaani mita 4.5 kutoka kwenye skrini, na itakaa katikati ya watu. Ipandishe juu ya meza mbili zilizobebana na zifunge kwa kamba. Ukiiweka chini ukainamishia juu, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Ukiinyoosha kwa kitufe cha "keystone" unapoteza ukali, na maandishi ya chini ndiyo yanayoumia kwanza.

Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka sakafuni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mstari wa tatu ukikaa, vichwa vinafunika maandishi, na kwa Supa Modo na The Letter hapo umeshapoteza nusu ya ukumbi. Mstari wa mwisho usizidi mita 10 kutoka kwenye skrini. Watoto wakae mikekani mbele, viti nyuma.

Madirisha yazibe kwa nailoni nyeusi ya ujenzi, ile nene wanayotandika chini ya zege, ukunje mara mbili. Acha sentimita 15 wazi upande wa chini ili hewa ipite, la sivyo chini ya bati watu watavukuta. Filamu ya watoto ikianza saa 10:15 jioni inaisha saa 11:30, wanafika nyumbani kabla ya Magharibi. Za wakubwa zianze baada ya Isha, na hapo giza la nje linakufanyia kazi ya pazia.

Sauti: usitegemee spika ya projekta. Chukua waya wa milimita 3.5 kutoka laptopu hadi kwenye mikisa. Ukisikia mvumo wa "mmmm", laptopu na mikisa zimechomekwa kwenye soketi tofauti. Zote zitumie ekstensheni moja, na mvumo ukibaki chomoa chaja, laptopu itembee kwa betri. Kuna faili nyingine zina sauti ya njia sita, na kwenye spika mbili muziki unavuma huku maneno yanazama. Nenda kwenye VLC, sehemu ya sauti, chagua stereo. Kwenye mikisa punguza besi, pandisha kidogo ya kati. Bati linarudisha mwangwi, kwa hiyo tundika vitenge au mikeka ukuta wa nyuma, unaotazamana na spika.

Karani_Mstaafu

Kijana, kabla ya yote hayo, ruhusa. Kuonyesha bure hakukuondolei wajibu wa kumwomba mwenye filamu. Akaunti za filamu za mtandaoni zinalipiwa kwa matumizi ya nyumbani, ukumbi haumo. Waandikie watayarishaji moja kwa moja: taja tarehe, idadi ya watu, kwamba hakuna kiingilio, na uombe faili ya kuonyeshea. Wengi wao wanajibu, hasa kwa vikundi vya jamii. Huku bara, maonyesho ya hadhara yako chini ya Bodi ya Filamu na Sheria namba 4 ya 1976, kwa hiyo ofisa utamaduni wa halmashauri yako ndiye wa kuanzia kwake. Barua iende walau wiki tatu kabla.

Pweza_wa_Raskazone

Nashukuru sana, shikamoo tena mzee Karani. Nimeitoa Nairobi Half Life, imeingia The Letter. Swali la mwisho kwa Fundi: nimejaribu kuunganisha laptopu na projekta kupitia HDMI, filamu ya kwenye programu ya mtandaoni inatoa sauti lakini picha ni nyeusi tii. Waya ni mbovu?

Fundi_Waya

Waya ni mzima. Programu zile zina HDCP, yaani kinga ya kuzuia filamu isinakiliwe. Kifaa kimoja njiani, iwe adapta au kigawanyaji, kisipoitambua, picha inazimwa na sauti inaendelea. Ndiyo maana nasimama na Karani: ukipata faili kutoka kwa mtayarishaji, tatizo hilo halipo.

Faili ikifika iweke kwenye diski ya laptopu yenyewe. Ukilazimika kutumia flashi, ujue iliyoumbizwa (format) kwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, itakataa tu kunakili, basi iumbize kwa exFAT. Faili ya maandishi ya chini ipe jina lile lile la filamu, ihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, na zikae folda moja. Maandishi yakitangulia au yakichelewa, bonyeza G au H kwenye VLC, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Zima masasisho na kiokoa skrini.

Ijumaa jioni itazame filamu yote palepale ukumbini, mwanzo hadi mwisho, mwenzako mmoja akiwa amekaa mstari wa mwisho. Akishindwa kusoma mstari mmoja wa maandishi, ongeza ukubwa wa herufi usiku huohuo.