Naomba ushauri: jitu langu halitembei kwa fizikia

Wakuu, habari zenu. Naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (tunaketi na kusimulia hadithi pamoja), na mchezaji wangu mmoja kabishia jitu nililolitunga: umbo la binadamu, limekuzwa mara 3 kila upande. Anasema uzito umepanda mara 27, lakini mfupa ukiukata, eneo lake limeongezeka mara 9 tu, hivyo likikimbia magoti yatavunjika. Hesabu yake iko sawa, ndiyo shida yenyewe! Nimeliwekea miguu minene kama ya tembo, ila sasa haliruki hata mtaro (tembo mwenyewe haruki). Nikisema “ni uchawi”, wenzake wanaridhika, yeye anacheka tu.

Je, nilipunguze urefu hadi wapi ili bado likimbie? Au nibadilishe mifupa iwe ya kitu kigumu zaidi, na misuli je?