Baba ana Parkinson na ameanza kubeti: je, ni dawa? Naomba ushauri

Binti wa Mwalimu

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Nitashukuru nikijibiwa na watu wanaoufahamu ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaokakamaza mwili na kuutetemesha, ama kwa kuusomea, ama kwa kuuguza.

Baba yangu ana miaka 63, ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na aligundulika kuwa na ugonjwa huu miaka minne iliyopita. Kwa muda mrefu alitumia levodopa iliyochanganywa na kabidopa, ikamrudishia uwezo wa kutembea na wa kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Mwaka jana, mkono wake wa kulia ulipozidi kukakamaa, daktari alimwongezea pramipeksoli na kuipandisha dozi kidogo kidogo. Mwili ulikuwa mwepesi tena, tukashukuru. Miezi mitano baadaye mama aligundua kwamba shilingi milioni sita za kiinua mgongo zilizokuwa benki zimekwisha kwenye mikeka ya mpira. Huyu ni mtu ambaye hakuruhusu karata nyumbani kwetu, na ambaye darasani alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake, kwa hesabu za uwezekano, kwamba mchezaji kamari akiendelea kucheza lazima atashindwa.

Nilipomuuliza faraghani, hakukana. Alinijibu hivi: "Mwanangu, mkeka ukichanika sisikii kitu. Zamani nikipoteza hata shilingi elfu moja nilikosa usingizi." Maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Nimesoma kidogo kuhusu mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz na utafiti wake juu ya seli za dopamini, yaani kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupeana ujumbe, nikahisi kwamba alichokiona maabara kinafanana na anachokisema baba, ila ninaogopa kuunganisha visivyoungana. Baba zangu wadogo wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ijayo, na wanachosema mpaka sasa ni kwamba ndugu yao ameingiwa na tamaa uzeeni. Mama, kwa upande wake, anataka kuificha pramipeksoli, na jirani amemshauri ampe baba uji wa unga wa mbegu za upupu badala yake. Nifanye nini kwanza, na niseme nini mbele ya wazee?

Mkulima wa Njombe

Pole sana, binti. Kwa maoni yangu, mnyang'anyeni simu leo hii, mengine yafuate. Mzee akikosa simu atakosa pa kubeti.

Msomaji wa Ubongo

Binti wa Mwalimu, hujaunganisha visivyoungana. Ninasomea sayansi ya ubongo, si daktari, kwa hiyo suala la dozi nitawaachia wenye dhamana nalo. Nitaeleza utafiti tu, kwa sababu ninaamini utakusaidia kwenye kikao.

Schultz alianza kwa kutafuta jinsi seli za dopamini zinavyohusika na mwendo wa mwili, kwa kuwa seli hizo ndizo zinazokufa katika Parkinson. Akiwa Fribourg, Uswisi, aliingiza waya mwembamba sana katika ubongo wa kima na kusikiliza seli moja moja, akakuta kwamba nyingi hazikujali sana mnyama anaposogeza mkono, bali zilishtuka anapopata tone la maji ya matunda asilolitarajia. Kisha taa ikawa inawashwa kabla ya kila tone. Kima alipozoea, seli zikahamia kwenye taa: zilishtuka taa ilipowaka, na tone lenyewe lilipofika hazikusema chochote, maana halikuwa habari mpya tena. Jambo la tatu ndilo linalomhusu baba yako. Taa ilipowaka na tone likakosekana, seli zilinyamaza kwa muda mfupi, wakati uleule ambao tone lilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba kupanda na kushuka huko ni hesabu: ubongo unalinganisha ulichotarajia na ulichopata, na tofauti ndiyo inayoufundisha. Ukipata zaidi, dopamini hupanda, nawe hujifunza kurudia. Ukipata pungufu, hushuka, nawe hujifunza kuacha. Schultz na Dayan, pamoja na Ray Dolan, walipewa Tuzo ya Ubongo mwaka 2017 kwa kazi hiyo.

Sasa fikiria dawa kama pramipeksoli, inayovigusa vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoupokea ujumbe wake, kutwa nzima, bila kujua mtu ameshinda au ameshindwa. Seli zinaweza kunyamaza zinavyotakiwa, lakini vipokezi vinaendelea kuguswa, kwa hiyo ule ukimya hausikiki. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia wagonjwa wa Parkinson, wakaona kwamba wasipotumia dawa hujifunza vizuri zaidi kutokana na makosa kuliko kutokana na mafanikio, na wakitumia dawa mambo hugeuka. Baba yako aliposema kwamba mkeka ukichanika hasikii kitu, alikuwa anaeleza, bila kuusoma popote, jambo linalolingana kabisa na matokeo hayo.

Kuna swali ambalo wazee watakuuliza: mbona dawa hiyohiyo inamtibu mkono? Waeleze kwa mfano wa mfereji. Parkinson hukausha kwanza upande mmoja wa shamba, yaani sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo, huku upande wa malipo na matamanio ukiwa bado na maji ya kutosha kwa kiasi fulani. Ukifungulia maji mengi ili kuokoa upande uliokauka, ule mwingine unafurika. Pramipeksoli hupenda zaidi aina moja ya kipokezi, iitwayo D3, ambayo ni nyingi zaidi katika upande huo wa pili.

Mfamasia wa Zamu

Naomba mama asiifiche dawa, tena mwambie leo. Dawa za kundi la pramipeksoli zikikatishwa ghafla mgonjwa anaweza kupata wasiwasi mkali, huzuni nzito, jasho na maumivu, na levodopa ikikatishwa ghafla hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili unaweza kukakamaa pamoja na homa kali inayohitaji hospitali. Kupunguza kunawezekana na mara nyingi ndiyo tiba yenyewe, lakini kunafanywa hatua kwa hatua, chini ya daktari, huku pengine levodopa ikirekebishwa ili mkono usirudi ulikotoka.

Kuhusu upupu, jirani hakosei kwamba mbegu zake zina levodopa, na hapo ndipo penye hatari: kiasi chake hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, hakuna anayekipima jikoni, na kingeongezeka juu ya dozi ambayo baba tayari anaimeza.

Madhara haya yanajulikana vizuri. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 3,090 nchini Marekani na Kanada, tabia zisizozuilika za kamari, manunuzi, ulaji au ngono zilikutwa kwa asilimia 17.1 ya waliotumia dawa za kundi hili, na kwa asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Familia yenu ilistahili kuonywa siku dawa ilipoandikwa, na inaniuma kwamba hamkuonywa. Msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Pigeni simu, muombe kuonana na daktari mapema, na mwende na karatasi yenye tarehe ya kuanza dawa, tarehe za kila dozi ilipopandishwa, na taarifa ya benki. Zikiwekwa pamoja, daktari ataona mwenyewe.

Mama Swaleh, Mombasa

Mwanangu, haya yalimpata mume wangu, ila yeye hakubeti, alinunua. Redio nne, baiskeli mbili, na vitambaa ambavyo hakuna aliyevihitaji. Nilimgombeza mwaka mzima, na hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo, kwani alikuwa akilia usiku na mimi nikidhani analilia pesa. Daktari alipoipunguza ile dawa pole pole, hamu ilianza kulegea baada ya wiki kadhaa, na katika miezi mitatu alikuwa yule ninayemjua.

Ndugu wa Njombe, simu tulimnyang'anya, akaazima ya jirani. Kilichosaidia ni kukaa naye, akakubali mwenyewe kwamba pesa ziwe kwenye akaunti inayohitaji saini yangu hadi dozi itulie. Na umwombe mama, au mjomba anayeheshimika, amuulize kwa upole kuhusu yale mengine aliyoyataja mfamasia, hata ya chumbani. Mwanamume wa umri huo hatamwambia binti yake.

Binti wa Mwalimu

Nimesoma yote mara mbili, na maelezo ya Msomaji wa Ubongo nimemsomea baba kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba karatasi na kalamu, akachora mstari unaopanda tone linapofika bila kutarajiwa na kushuka linapokosekana, akaniuliza kama amepatia. Mama ameirudisha dawa mahali pake, na unga wa upupu tumeukataa kwa heshima. Tumepata nafasi ya kumwona daktari Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao. Baba amesema Jumamosi atazungumza mwenyewe, na ile karatasi ameikunja, ameiweka kwenye mfuko wa shati.