Wasimamizi wa maktaba huria za programu, acheni kulipua kazi ya kuongeza Zstandard

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu analeta msimbo wa kuongeza Zstandard (fomati ya kubana data, mafaili yake ni .zst), jaribio lake linabana sentensi moja na kuifungua, inarudi ilivyokuwa, basi mnaupitisha. Halafu mafaili ya watu yanasomwa nusu bila hata ujumbe wa kosa!

Baya zaidi ni hili la fremu. Faili moja la .zst linaweza kubeba fremu nyingi zilizofuatana, yaani vipande vinavyojitegemea. Fanksheni ya kufungua, ZSTD_decompressStream, ikirudisha 0, iliyoisha ni fremu, si faili. Baiti zikiwa zimebaki, endeleeni kusoma. Mkiishia hapo, aliyeunga mafaili mawili kwa amri ya cat anapata la kwanza tu, na programu inamwambia mambo safi. Kinyume chake, baiti zikiisha huku thamani si 0, faili limekatwa: toeni kosa. Zipo pia fremu za kurukwa, zinazoanza na namba 0x184D2A50 hadi 0x184D2A5F. Zirukeni, msizikatae.

Kuna suala la ukubwa. Kichwa cha fremu hakilazimiki kutaja ukubwa wa data ikishafunguliwa, na iliyobanwa kwa mkondo (kidogo kidogo inavyofika) mara nyingi haiutaji. Hapo fanksheni ya kuuliza ukubwa, ZSTD_getFrameContentSize, inarudisha alama ya "haijulikani", ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote za biti 64. Nyie mnaichukua hivyo hivyo mkaombe memori ya kiasi hicho! Hata ukitajwa, kautaja aliyetengeneza faili, na mwenye nia mbaya huandika atakacho. Fungueni kidogo kidogo kwa bafa (sehemu ya memori ya kupokelea data) yenye ukubwa usiobadilika, na mtumiaji apewe njia ya kuweka kikomo.

Dirisha nalo, yaani data ya nyuma ambayo kifunguzi hulazimika kuishika kwenye memori: kwenye mkondo, kifunguzi hugoma likizidi MB 128. Aliyebana kwa chaguo la --long=31 la programu ya zstd anaweza kuhitaji GB 2. Wekeni chaguo la kupandisha kikomo, msikiondoe kimyakimya.

Majaribio ya kudai kabla ya kupitisha: data tupu, fremu mbili, fremu isiyotaja ukubwa, faili lililopungukiwa baiti ya mwisho, na kulisha baiti moja moja (hili la mwisho ndilo hufichua mengi). Mafaili yenyewe yatengenezwe na skripti inayosomeka. Mwaka 2024 msimbo wa hujuma wa programu ya kubana xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na bado mnapokea faili lisilosomeka bila kuuliza limetoka wapi?

Kama toleo lijalo litatoka bila kurekebisha fremu nyingi, futeni Zstandard kwenye orodha ya fomati mnazodai kuzisoma.