Katriji ya MC kwenye ampu ya kawaida, sauti inanong'ona tu. Msaada wakuu (Mwanza)

kijana_wa_pasiansi

Wakuu habari za jioni. Niko Pasiansi hapa Mwanza, naombeni mnisaidie maana hii kitu imenisumbua wiki mbili sasa.

Mzee wangu alituachia santuri, zipo kama 140 hivi, nyingi ni zile ndogo za 45 za muziki wa dansi miaka ya 70, lebo nyingi zimeandikwa Nairobi, na LP (zile kubwa) chache. Pleya yake ya zamani ile ya sanduku imeshakufa, ila enzi zake alikuwa anaichomeka hata kwenye redio ya kawaida tu na inaunguruma mpaka majirani wanajua leo mzee yupo. Sasa mimi nikajipinda nikapata Technics SL-1200 MK2 iliyotumika, binamu yangu aliyeko Ujerumani akanitumia katriji (kale kachombo ka mbele ya mkono kenye sindano) ya Denon DL-103, aina ya MC, mpya kwenye boksi lake, ampu ninayo ya Kijapani ya zamani, ina tundu la PHONO kwa nyuma. Nimefunga kila kitu vizuri, nimeweka santuri, yani volyum naizungusha robo tatu ndo nasikia mtu anaimba kwa mbali, na nyuma yake kuna shshshsh kama mvua inakuja kwenye bati. Nikiweka CD kwa volyum hiyo hiyo nyumba nzima inatetemeka.

Fundi mmoja mjini kaniambia katriji feki. Mwingine kasema ampu imechoka, nibadilishe. Sasa swali langu, inakuwaje pleya ya mzee ya bei ndogo ilikuwa inapiga kwa nguvu kwenye redio tu, af hii ya maana inanong'ona? Nimeibiwa au kuna kitu sijakielewa?

fundi_igoma

Mkuu pole, hujaibiwa na ampu yako ni nzima. Tatizo hivyo vitu viwili havijakutana tu.

Anza na ya mzee. Zile pleya za sanduku nyingi zilikuwa na katriji ya seramiki, ile inatoa umeme mwingi, milivolti mia na kitu mpaka zaidi, ndo maana redio inaikubali moja kwa moja. Halafu kuna jambo lingine watu hawalijui, santuri haikatwi kiwandani na sauti kama ulivyoizoea, besi inapunguzwa na sauti kali zinaongezwa, la sivyo mfereji ungekuwa mpana mno na muziki usingetosha dakika zake, huo mpango unaitwa RIAA na umekuwepo tangu 1954, kule mwisho wa besi na kule mwisho wa kali tofauti inafika karibu desibeli 20 kila upande. Seramiki kwa asili yake inajirudishia sehemu kubwa ya hiyo besi yenyewe. Katriji za sumaku haziwezi, lazima zipite kwenye tundu la fono ambalo kazi yake ni mbili, kukuza na kurudisha besi.

Sasa ndani ya katriji za sumaku kuna koo mbili. MM ni sumaku ndo inacheza, koili zimetulia na zina waya mwingi, inatoa kama milivolti 3 mpaka 6. MC ni kinyume, koili ndogo sana ndo inacheza kwenye sumaku kubwa, waya wake mchache ili uwe mwepesi, kwa hiyo umeme ni kidogo. DL-103 yako inatoa milivolti 0.3. Tundu lako la fono limetengenezwa kwa MM, linakuza kama desibeli 40. MC inataka kama 60. Zile 20 zinazopungua ndo volyum unayoitafuta, na ukiilazimisha unakuza na mchakacho wa ampu yenyewe, ndo hiyo mvua ya kwenye bati.

Angalia nyuma ya ampu au kwa mbele kama kuna swichi ya MM/MC. Kama haipo una njia mbili, priampu (kikuzaji kidogo cha awali) ya MC inayokaa kati, au transfoma ndogo ya kupandisha. Transfoma ya 1:10 itageuza 0.3 kuwa 3, ampu itadhani ni MM imekuja. Na tundu la MM lina omu 47,000, ukipitia 1:10 unagawanya kwa 100, katriji inaona omu 470. Koili za DL-103 ni omu 40, kwa hiyo hapo inapumua vizuri kabisa.

Mi ninayo moja ya 1:10 hapa Igoma haina kazi, njoo uijaribu kabla hujatoa hela yoyote.

dada_nyegezi

Fundi kasema vizuri upande wa umeme, ila kaka wa Pasiansi usisahau mkono. Watu wananunua katriji kwa jina wakati mkono wa pleya ndo unaamua kama mtaelewana.

Kijiti kinachoshika sindano ni kama springi, na mkono ni mzigo uliokaa juu ya hiyo springi. Vyote pamoja vina mdundo wao wa asili. Mdundo huo ukishuka sana, chini ya hezi 8, santuri iliyopinda kidogo tu au mtu akipita na miguu mizito mkono unaanza kuyumba kama mtumbwi. Ukipanda sana unaingia kwenye besi ya muziki. Unatafuta hapo kati ya 8 na 12. Hesabu yake ni rahisi, jumlisha uzito wa mkono, katriji na skrubu, zidisha kwa ulaini wa kijiti, chukua kipeuo cha pili, gawa 159 kwa hicho.

SL-1200 mkono wake ni gramu 12, DL-103 ni gramu 8.5, skrubu weka nusu, tunapata 21. Ulaini Denon wanaandika 5, lakini ANGALIA hapo, Wajapani wengi wanapima kwa hezi 100 wakati hesabu inataka ya hezi 10, watu huwa wanazidisha kwa 1.5 mpaka 2. Ukiweka 9 inakuja kama 11.6. Inapita, japo iko juu juu. DL-103 ni katriji ngumu, ilitengenezwa kwa ajili ya redio ya taifa ya Japani NHK miaka ya 60 mwanzoni, inapenda mkono mzito. Ukipata hedisheli (kile kipande cha mbele ya mkono kinachoshika katriji) nzito kidogo, ongezeko la gramu 4 tu, unashuka kwenye 10.6 na besi inatulia zaidi, ila hapo utahitaji kile kizito cha ziada cha nyuma ya mkono maana wa kawaida hautabalansi.

Uzito wa sindano gramu 2.5. Usiamini namba za kwenye gurudumu la mkono uliotumika, tafuta mzani.

mvuvi_wa_mwaloni

Mi naona mnampeleka mbali jamani. Mkuu una 45 za mzee zimepigwa kwenye sherehe miaka 50, zina mikwaruzo, zina vumbi. MC sindano ikiisha huibadilishi mwenyewe, unatuma katriji nzima. MM unachomoa sindano kwa vidole unachomeka nyingine, umemaliza. Ortofon 2M Red, ambayo ni MM, inatoa milivolti 5.5, sindano inakandamiza kwa gramu 1.8, kijiti chake laini kinakubaliana na huo mkono wako vizuri tu, na tundu lako la fono linaifaa kama lilivyo. Hiyo Denon iweke kabatini, uitoe usiku mmoja mmoja.

Ila ukienda MM angalia waya. Hili lilinikuta. Niliweka pleya sebuleni na ampu chumbani, nikanunua waya mrefu mita 5 dukani, basi kila mwimbaji akitamka S inakuwa kama anapuliza filimbi masikioni. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha spika, nikagombana na mke wangu kwa sababu ya hela. Kumbe ni waya. Waya wa kawaida unaweza kuwa na pikofaradi (kipimo cha chaji waya unayoweza kutunza) 100 au zaidi kwa kila mita, na koili ya MM ikikutana na hizo pikofaradi inatengeneza kilima kwenye sauti kali. 2M Red inataka jumla 150 mpaka 300, hapo unahesabu waya pamoja na ampu. Nikarudisha waya wake mfupi, ampu nikaihamishia karibu, S ikarudi kuwa S.

fundi_igoma

@mvuvi_wa_mwaloni hapo kwenye waya nakupa mkono, wengi wanalaumu katriji bure. Kwa MC ya koili ndogo hilo jambo halisumbui hivyo. Ila mkuu kwa 45 zilizochoka usiidharau DL-103, sindano yake ni ya duara, inakaa kwenye mfereji bila kuchokonoa chini kabisa, santuri za zamani zinaipenda.

mzee_wa_nansio

Mwangaluka vijana. Mimi niko Ukerewe, nimesoma yote. Mwanangu wa Pasiansi, kwenye hizo santuri za mzee wako angalia kama kuna zile nzito zinazovunjika kama kigae. Hizo ni za 78 (zinazunguka mara 78 kwa dakika), USIZIWEKE chini ya sindano hiyo. Mfereji wake ni mpana, sindano ya LP inazama mpaka chini inakokota uchafu na inaharibika yenyewe. Zinataka sindano nene, karibu mara nne ya hiyo kwa upana. Mimi nina katriji ya MM moja na sindano zake mbili, ya LP na ya 78, nazibadilisha tu.

Na zioshe kwanza. Santuri zilizokaa karibu na ziwa zinashika ukungu kwenye mifereji, unaona kama vumbi jeupe halitoki kwa kitambaa. Maji masafi yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, unafuata mzunguko, lebo usiiloweshe. Zikauke zimesimama.

kijana_wa_pasiansi

Shikamoo mzee, na asanteni sana wakuu wote. Narudi na majibu.

Jumamosi nilienda Igoma kwa fundi nikaichukua ile transfoma, nikaiunganisha nyumbani. Volyum sasa iko robo na muziki umejaa chumba. Mchakacho umeisha kabisa, lakini ukaja mvumo mmmmm. Nikampigia fundi, akaniuliza transfoma umeiweka wapi, nikamwambia juu ya ampu, akasema hapo umeiweka juu ya transfoma kubwa ya umeme inanyonya mvumo wake. Akaja, tukaisogeza pembeni kama sentimita 50, tukaigeuza polepole huku tunasikiliza, ukafika mahali mvumo ukakatika. Waya wa athi wa pleya nao nilikuwa sijaufunga, ulikuwa unaning'inia tu nyuma ya meza, tukaufunga.

Mzani, jirani yangu ananunua dhahabu, ana mzani mdogo unaosoma 0.01 ya gramu, nikamwomba. Mara ya kwanza ukasoma 3.1, nikisogeza kidogo 2.8, nikisogeza tena 3.3, nikachanganyikiwa. Kumbe sumaku ya MC inavutwa na chuma kilichomo ndani ya mzani! Nilishtuka maana sindano ilikuwa inavutwa chini ghafla, ingevunjika pale pale. Nikaweka kipande cha mbao juu, nikatoa mkeka wa pleya ili sindano iwe usawa ule ule wa santuri, ikasoma 2.94 haibadiliki. Gurudumu lilikuwa linasema 2.5. Nikarekebisha mpaka mzani wenyewe ukasoma 2.5.

Dada wa Nyegezi hedisheli nzito bado natafuta. Za 78 zipo tatu mzee, nimeziweka kando kwenye gazeti. Nyingine nimeziosha ishirini mpaka sasa. Kuna moja ya 45 mama yangu aliiomba, ilikuwa inachakacha kweli zamani, jana usiku nikaipiga, akasimama mlangoni na ufagio mkononi, sauti ya mpiga solo ikaingia na unasikia kabisa vidole vinateleza kwenye nyaya. Akaniambia irudie. Tumeirudia mara nne.

mzee_wa_nansio

Marahaba mwanangu. Nina safari ya Mwanza mwezi ujao na meli ya asubuhi, ntakuja na ile katriji ya 78 kwenye kopo la pamba, na pleya yangu pia maana hiyo Technics yako haina kasi ya 78. Mwambie mama yako tutazipiga zote tatu.