Oili ya gia ya kupimiwa kutoka dumu lisilo na lebo: iachwe au ikomeshwe?

MLETA MADA (Mwanga, Kigoma): Wakuu, habari za jioni. Msimamo wangu nauweka wazi: hii biashara ikomeshwe.

Hiace yangu ya Manyovu ilikuwa inakataa gia ya pili kila alfajiri. Ukilazimisha, inalia. Nikifika Mwandiga, giaboksi imeshapata moto, inaingia yenyewe. Tulipofungua bolti ya chini, oili ilitoka ikijikokota kama mawese yaliyolala nje usiku, na beseni lilipoinamishwa juani nikaona vumbi la njano linametameta. Hiyo ni shaba ya ringi za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Dukani niliambiwa tu, "Hii nzito, inafaa milima." Namba yake ya uzito muuzaji hakuijua, wala mimi sikuuliza.

Uzito si ubora, ndugu zangu. Oili namba 90 ikifika nyuzi 100, uzito wake wa kutiririka hupimwa ukawa kati ya sentistoki 13.5 na 18.5; sentistoki zikipanda, oili ni nzito zaidi. Namba 140 ni 24 hadi 32.5. Asubuhi chuma kikiwa baridi, zote huwa nzito zaidi, na hiyo 140 ndiyo inayozuia ringi kushika gia kwa wakati. Namba yenye W ni ya baridi: 75W imepimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kigoma haijawahi kuiona. Kwa hiyo 75W-90 ikipata moto ni 90 ileile, usiiogope.

Halafu kuna GL, daraja la oili ya gia linaloandikwa kwenye lebo. GL-5 ina dawa nyingi za salfa na fosforasi kwa ajili ya difu, yale magia ya kwenye ekseli, ambako meno husuguana kwa mgandamizo mkubwa. Baadhi ya dawa hizo hula shaba, ndiyo maana giaboksi nyingi za gia za mkono zinadai GL-4. Dumu tupu la maji lililojazwa oili litakwambia nini kuhusu hayo?

FUNDI (Urambo, Tabora): Mkuu, heshima kwako, lakini hapo unatubana sisi wa chini. Mteja difu imepungua robo lita, umwambie anunue galoni ya lita nne? Ataondoka hivyohivyo, beringi zife njiani. Na hiyo 140 usiitukane. Fuso zinazobeba tumbaku huku difu zinalia, nikiweka 140 kelele zinashuka na gari linafanya kazi msimu mzima.

MLETA MADA: Fundi wangu, kwenye robo lita umenishinda. Narekebisha hoja: kupima kuruhusiwe, ila kutoka ndoo yenye lebo yake, mteja asome namba na GL kwa macho yake kabla haijamiminwa. Kuhusu 140, kama mtengenezaji wa hilo lori ameandika 85W-140 kwa mzigo mzito, uko sahihi kabisa. Lakini kama aliandika 90, umenyamazisha kelele tu. Jino lililolika liko palepale, na mwenye gari anaondoka akiamini amepona. Hilo la kuamini amepona ndilo linaloniuma.

FUNDI: Mwenye gari namwambia, sifichi. Niulize mimi sasa: ndoo yenye lebo nayo ikiisha si inajazwa tena? Nimeshamimina oili kutoka ndoo ya 80W-90 ikatoka nyeusi, inanuka injini. Lebo ilikuwa safi kabisa.

MLETA MADA: Basi ndoo ikiisha itobolewe kitako hapohapo dukani, mteja wa mwisho akiona. TBS, shirika la viwango, wanaweza kukagua maduka, lakini kila ndoo ya kila duka la Kigoma hawaifikii. Tundu la msumari linaifikia. Ya kwangu niliyomaliza juzi nimeshaitoboa. Wa Kasulu na Kaliua, huko kwenu ndoo tupu zinanunuliwa na nani?