Mashine ya kufulia: ya mlango wa mbele au ya mapipa mawili?

Mama Watano, Bububu
Assalaam alaykum. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa. Nimepokea mchezo wangu wa upatu, laki tisa, na nataka mashine ya kufulia. Tuko wanane nyumbani, na tangu mama yangu apate kiharusi mashuka yake nayafua kila siku, mara nyengine alfajiri kabla sijaenda skuli kusomesha. Viwiko na vifundo vya mikono vinaniuma. Juzi nilishindwa kukamua shuka moja, nikaliacha kwenye kamba likichuruzika mpaka adhuhuri.

Darajani nimeoneshwa ya mlango wa mbele, kilo saba, inafua na kukamua yenyewe. Nyengine ni ya mapipa mawili, ya plastiki, ya kumimina maji kwa ndoo. Moyo wangu uko kwenye ile ya kwanza. Maji ya bomba kwetu hutoka usiku, tunayaweka kwenye tangi la lita 1,000 juu ya choo cha uani.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam dada. Tangi liko juu kiasi gani kutoka bombani? Kila mita moja ya kimo inatoa bar 0.1 tu, bar ndiyo kipimo cha msukumo wa maji. Mashine nyingi za mlango wa mbele hutaka 0.3 mpaka 0.5, kitabu chake kitakwambia. Maji yakiingia kwa unyonge, mashine hungoja, hungoja, mwisho huandika kosa na kusimama, nguo zimo ndani na mlango umejifunga. Naletewa hizo kila mara, wenyewe wanadhani imeharibika. Utahitaji pampu. Tena ina hita, na maji yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa. Tazama ndani ya birika lako la umeme: ule ukoko mweupe ndio utakaoganda kwenye hita.

Bibi wa Wete
Pole mwanangu kwa kuuguza. Yangu ya mapipa mawili, mwaka wa sita huu. Naanza na kanzu na mashuka meupe, halafu povu lile lile natia nguo za rangi. Khanga mpya usiichanganye na kitu, huchuja. Lakini lazima usimame nayo, utoe nguo pipa hili utie pipa lile. La kukamulia zipange sawasawa na uzigandamize kwa kile kifuniko cha ndani, la sivyo itarukaruka mpaka ihame pahala pake. Masika nguo zangu hukauka barazani. Iweke juu ya matofali, na mpira wa kutolea maji uulaze chini, maji hayo huteremka yenyewe.

Mama Watano, Bububu
Ahsanteni sana. Nimepima kwa kamba ya kuanikia: kutoka tangi mpaka bombani mita moja na nusu, yaani bar 0.15 tu, haitoshi. Basi nachukua ya mapipa mawili, na pesa itakayobaki namnunulia mama mpira wa kutandika kitandani. Bibi, blanketi linaingia pipa la kukamulia?

Bibi wa Wete
Jembamba linaingia. Zito usilitie, litakwama. Mimi langu nalitupia ukutani kwanza, lichuje maji.